Charley Burley, bondia aliyekwepwa na mabingwa hadi akaishia kuzoa taka

UKITAJA ndondi za Marekani za miaka ya 1940, majina yanayokuja upesi ni ya Joe Louis, Sugar Ray Robinson na Jake LaMotta. Charley Burley hatajwi. Hata mashabiki wanaojua kwa moyo tarehe za mapigano ya Muhammad Ali, wengi wao hawajapata kulisikia jina hilo. Ilhali Archie Moore, aliyekabiliana na Rocky Marciano mwaka wa 1955 na kijana aliyeitwa Cassius Clay mwaka wa 1962, alipoulizwa uzeeni ni nani aliyekuwa hodari kuliko wote aliokutana nao ulingoni, alikuwa akimtaja Burley.

Kauli ya Moore haiwezi kupuuzwa. Huyo ni mtu aliyepigana zaidi ya mara 200, na mmoja wa walioangusha watu wengi zaidi katika historia ya ndondi za kulipwa.

Burley mwenyewe alipanda ulingoni mara 98 kama bondia wa kulipwa kati ya 1936 na 1950. Alishinda mapigano 83, na katika 50 kati ya hayo mpinzani hakufika kengele ya mwisho. Alishindwa 12, akatoka sare mara mbili, na pigano moja likakatizwa bila ya uamuzi. Katika muda huo wote hakuna mtu aliyempiga hata akashindwa kuendelea. Na katika muda huo wote hakupewa hata nafasi moja ya kuwania ubingwa wa dunia.

Mtoto wa mchimba makaa

Charles Duane Burley alizaliwa Septemba 6, 1917 katika mji mdogo wa Bessemer, jimbo la Pennsylvania. Baba yake alikuwa mtu mweusi, mchimba makaa ya mawe. Mama yake alikuwa mzungu kutoka Ireland. Ndoa kama hiyo ilikuwa kosa la jinai katika majimbo mengi ya Marekani wakati huo, na hata Pennsylvania, ambako sheria haikuikataza, haikuwa jambo la kupita bila ya watu kugeuza shingo. Kwa desturi ya nchi ile, mtoto wa ndoa hiyo alihesabiwa kuwa mweusi, basi; rangi ya mama haikumpunguzia wala kumwongezea chochote.

Baba alifariki mwana akingali mdogo, na familia ikahamia Pittsburgh, jiji la viwanda vya chuma. Mtaa waliokaa watu weusi uliitwa Hill District, yaani mtaa wa mlimani. Ulikuwa mtaa maskini lakini wenye uhai mwingi. Palikuwa na kumbi za muziki wa jazi, palikuwa na gazeti la Pittsburgh Courier lililosomwa na watu weusi nchi nzima, na jijini humo palikuwa na timu mbili mashuhuri za besiboli za watu weusi, Homestead Grays na Pittsburgh Crawfords. Timu hizo zilikuwako kwa sababu ligi kuu ya besiboli haikuwaruhusu weusi kucheza hadi Jackie Robinson alipoingia uwanjani Aprili 1947. Burley alikuwa mchezaji mzuri wa besiboli. Lakini tangu utotoni alikuwa ameanza pia kuvaa glavu katika klabu ya vijana, na ndondi zikamvuta zaidi.

Kufikia mwaka wa 1936 alikuwa mmoja wa mabondia bora wa ridhaa nchini mwake. Mwaka huo Michezo ya Olimpiki ilikuwa ifanyike Berlin, chini ya utawala wa Adolf Hitler. Burley, kijana wa miaka 18, alikataa kushiriki mchujo wa kuteua timu ya Marekani, kwa kupinga jinsi Ujerumani ilivyowatesa watu kwa sababu ya rangi na dini zao. Badala yake akajiunga na kikosi kidogo kilichosafiri kwa meli hadi Barcelona, Uhispania, kwa ajili ya Olimpiki ya Wananchi, michezo iliyotayarishwa makusudi kuipinga ile ya Berlin.

Michezo hiyo ilitarajiwa kufunguliwa Julai 19, 1936. Siku mbili kabla yake majenerali walianza uasi dhidi ya serikali ya Uhispania, na asubuhi ya kufungua michezo risasi zilikuwa zikirindima katika barabara za Barcelona. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimeanza. Wanamichezo wakarejea makwao bila ya kushindana.

Sisemi hayo ili kuwalaumu wale waliokwenda Berlin. Weusi 18 waliiwakilisha Marekani huko, na Jesse Owens aliyetwaa dhahabu nne alimtia Hitler aibu kuliko hotuba yoyote. Ila Burley alichagua njia nyingine akiwa na umri ambao wengi huwa hawajajua hata kura ni nini, na hakuna medali wala shilingi aliyoipata kwa uchaguzi huo. Aliporudi Pittsburgh aliingia moja kwa moja katika ndondi za kulipwa, Septemba mwaka huo huo.

Zivic

Pittsburgh ya wakati huo ilikuwa na mabondia wengi wazuri, na mmoja wao alikuwa Fritzie Zivic, mzungu wa asili ya Kikroatia. Zivic alijua kila hila ya ulingoni, za halali na za haramu: kuchoma jicho kwa kidole gumba, kugonga kwa kichwa, kusugua uso wa mwenzake kwa kamba za glavu. Hakuyaficha. Aliyatania.

Alipigana na Burley mara tatu. Machi 1938 Zivic alishinda kwa pointi, majaji wakiwa wamegawanyika. Juni mwaka huo huo Burley akalipiza. Julai 1939 wakarudiana mara ya tatu, na Burley akashinda tena. Kwa hesabu ya kawaida ya ndondi, ubishi ulikuwa umekwisha.

Katikati ya mapigano hayo, Agosti 22, 1938, Burley alikutana na Herbert Hardwick, mzaliwa wa Puerto Rico aliyejulikana kwa jina la Cocoa Kid, katika kitongoji cha Millvale. Alimshinda katika raundi 15 na kutwaa taji la dunia la welta la watu weusi. Taji hilo halikuwa na chama cha kuliratibu wala mkanda wa dhahabu. Lilikuwa kama kiti cha nje ya nyumba, alichowekewa mtu asiyeruhusiwa kuingia sebuleni. Kabla ya mwaka huo kwisha alimshinda pia Billy Soose. Mwaka wa 1940 akatoka sare na Georgie Abrams.

Sasa tazama yaliyowapata watu hao baadaye. Oktoba 4, 1940, miezi 15 tu baada ya kushindwa na Burley, Zivic alimpiga Henry Armstrong katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, akawa bingwa wa dunia wa uzani wa welta, ule wa ratili 147 au karibu kilo 67. Mei 1941 Soose akawa bingwa wa uzani wa kati, ratili 160, katika jimbo la New York. Novemba mwaka huo Abrams alipigania ubingwa usiopingwa wa uzani huo dhidi ya Tony Zale, akashindwa. Watu watatu waliomjua Burley kwa ngumi zake walifika walikotaka kufika. Wote watatu walikuwa wazungu.

Ingedhaniwa kwamba Zivic angeitetea heshima yake mpya dhidi ya mtu wa mji mmoja naye aliyemshinda mara mbili, tena pigano ambalo lingejaza uwanja wa Pittsburgh. Halikufanyika. Wanahistoria wengi wa ndondi wanaeleza kwamba upande wa Zivic ulinunua mkataba wa Burley, na hivyo bingwa na mshindani wake wakawa chini ya mkono mmoja. Bondia hawezi kumdai pigano mtu anayemilikiwa na meneja wake mwenyewe. Zivic alikaa na taji hilo kwa miezi kumi, hadi Julai 1941 alipolipoteza kwa Freddie Cochrane.

Jinsi mlango ulivyofungwa

Hapa ni lazima tueleze jambo moja, kwa maana msomaji anaweza kuuliza: je, si ndiyo miaka ambayo Joe Louis alikuwa bingwa wa uzani mzito, na Armstrong alishikilia mataji matatu kwa wakati mmoja? Ubaguzi uko wapi hapo?

Ubaguzi ulikuwako, ila haukuwa ule wa mabango ya kusini yaliyosema hapa ni pa wazungu tu. Baada ya Jack Johnson kupoteza taji la uzani mzito huko Havana mwaka wa 1915, hakuna mtu mweusi aliyeruhusiwa kuliwania kwa miaka 22, hadi Louis alipompiga James Braddock Juni 1937. Harry Wills alisubiri sehemu kubwa ya miaka ya 1920 kukutana na Jack Dempsey, akazeeka akisubiri. Louis aliifungua njia, lakini kwa masharti. Wasimamizi wake walimwekea miiko ya namna ya kuishi na kusema mbele ya watu, na kila ushindi wake ulikuwa na fedha nyingi nyuma yake. Waliokuwa chini yake hawakuwa na fedha hizo.

Katika ndondi za kulipwa hakuna ratiba inayomlazimisha bingwa kukutana na aliye bora. Meneja wa bingwa ndiye anayechagua, na huchagua kwa kupima mambo mawili: hatari na mapato. Bondia mweusi aliye hodari sana na asiye na jina kubwa alikuwa hasara katika mizani zote mbili. Angeweza kumvua bingwa taji, na hangeleta mashabiki wa kutosha kufidia hatari hiyo, kwa kuwa wanunuzi wengi wa tiketi walikuwa wazungu waliotaka kumwona mtu wao. Mabingwa weusi wenyewe walipima kwa mizani hiyo hiyo. Pigano kati ya weusi wawili lilileta fedha kidogo kuliko mengine yote, hivyo bingwa mweusi alikuwa na sababu ya ziada ya kumkwepa mweusi mwenzake.

Juu ya hayo palikuwa na genge la wahalifu wa New York walioongozwa na Frankie Carbo, ambao ndio walioamua ni nani apewe nafasi na kwa masharti gani. Jake LaMotta, mzungu, alikiri mbele ya kamati ya Seneti mwaka wa 1960 kwamba alijiangusha makusudi mbele ya Billy Fox mwaka wa 1947 na baadaye akalipa dola 20,000 ili akubaliwe kuwania taji la uzani wa kati, alilolitwaa 1949. Ikiwa hiyo ndiyo bei aliyotozwa mzungu mwenye jina, mtu anaweza kukisia bei ya mtu kama Burley.

Kisha ikaja vita. Cochrane alijiunga na jeshi la wanamaji akiwa bingwa wa welta, na Zale akafanya vivyo hivyo akiwa bingwa wa uzani wa kati. Mataji yao yakawekwa kabatini. La welta halikupiganiwa tena hadi Februari 1946; la uzani wa kati lilisubiri hadi Septemba mwaka huo. Kwa hiyo tangu akiwa na miaka 24 hadi 28, umri ambao bondia huwa katika kilele chake, Burley hakuwa hata na bingwa wa kumkabili katika uzani wowote wa wake wawili. Kwa jambo hili siwezi kumlaumu mtu. Wanaume hao walikuwa vitani. Lakini ilimpata mtu ambaye tayari alikuwa amefungiwa milango mingine.

Safu ya Wauaji

Aliyebaki nje hakubaki peke yake. Palikuwa na kundi la mabondia weusi wa uzani wa kati na jirani zake ambao mwandishi Budd Schulberg, yule aliyeandika mchezo wa filamu ya 'On the Waterfront', aliwaita Safu ya Wauaji. Mbali na Burley walikuwamo Holman Williams, Cocoa Kid, Lloyd Marshall, Eddie Booker, Jack Chase, Bert Lytell na Aaron Wade. Wote walikuwa na sifa moja: hakuna bingwa aliyetaka kuwaona.

Kwa kuwa walihitaji kula, walipigana wenyewe kwa wenyewe. Burley na Williams walikutana mara saba. Kila mmoja akashinda mara tatu, na moja likaisha bila ya uamuzi. Williams na Cocoa Kid walikutana mara 13. Hebu fikiri maana yake. Mabingwa wa siku hizi hupigana mara mbili kwa mwaka na kulipwa mamilioni, na pigano la marudiano hutangazwa kama tukio la karne. Hawa walirudiana katika kumbi za New Orleans, Oakland na Baltimore kwa malipo ya kumtosha mtu kodi ya nyumba, na kila mara yule mwenzake alizidi kumjua. Kila mmoja alishindwa mara kadhaa na wenzake, na kushindwa huko kukatumiwa na mameneja wa mabingwa kama kisingizio: mbona umpe nafasi mtu aliyeshindwa juzi? Walichinjana kwenye zizi moja, halafu wakaambiwa wamekonda.

Orodha ya waliopigwa na watu hao inatosha kuonyesha uzito wao. Marshall aliwashinda Ezzard Charles mwaka wa 1943 na LaMotta mwaka wa 1944, na alimshinda Burley pia. Booker alimzima Moore Januari 1944, kisha mwaka huo huo macho yaliyoharibiwa na ngumi yakamlazimisha kustaafu.

Burley alihama mji hadi mji akitafuta kazi. Kwa muda alikaa Minneapolis, na huko, Machi 1942, alikubali kupigana na J.D. Turner, bondia wa uzani mzito aliyemzidi zaidi ya kilo 25. Hakuna chama cha ndondi ambacho kingeidhinisha jambo hilo leo. Turner alishindwa kuendelea baada ya raundi sita.

Miezi miwili baadaye alikutana na Ezzard Charles, kijana wa Cincinnati aliyekuja kuwa bingwa wa dunia wa uzani mzito mwaka wa 1949. Walipigana mara mbili Pittsburgh, Mei na Juni 1942, na mara zote mbili Charles alishinda kwa pointi. Wapenzi wa Burley hupenda kupita haraka hapa. Haifai. Charles alikuwa mkubwa kuliko yeye kwa umbo, lakini pia alikuwa bora siku hizo mbili, na Burley hakuwa mtu wa kutafuta visababu.

Usiku wa Hollywood

Baadaye alihamia San Diego, California, akafanya kazi katika kiwanda cha ndege huku akiendelea kupigana. Mji huo ndio uliokuwa makao ya Archie Moore.

Aprili 21, 1944 wawili hao walikutana katika ukumbi wa Legion, Hollywood. Inasimuliwa kwamba Burley aliitwa kwa dharura, na kwamba alifika ukumbini baada ya zamu ya kiwandani. Moore alimzidi uzani, alikuwa na ngumi nzito, na tayari alikuwa mmoja wa watu walioogopwa sana katika pwani ya magharibi. Kwa raundi kumi Burley alimfanya aonekane mwanafunzi. Alimwangusha sakafuni zaidi ya mara moja na kushinda kwa pointi bila ya ubishi.

Moore naye aliteseka kwa kukwepwa. Hakupata nafasi ya kuwania ubingwa wa uzani wa ratili 175 hadi Desemba 1952, alipomshinda Joey Maxim, baada ya zaidi ya miaka 15 ya ndondi za kulipwa. Alipokuwa bingwa, na baadaye mzee mwenye maneno mengi na kofia za fahari, angeweza kuusahau usiku ule. Badala yake aliusimulia mara kwa mara, na kila mara yeye akiwa ndiye aliyeonewa.

Mtindo wa Burley tunaweza kuuona, japo kwa uchache. Filamu iliyohifadhiwa ya mapigano yake ni moja tu, ya mwaka wa 1946 dhidi ya Billy Smith wa Oakland, mwanamume aliyemzidi umbo. Picha ni hafifu. Burley anasimama mikono ikiwa chini, mwili umeegemea nyuma kidogo, na anaonekana kama mtu asiye na haraka na lolote. Smith anarusha ngumi, na kichwa alichokilenga hakipo tena pale. Kabla hajaurudisha mkono wake, wa Burley umekwisha fika. Harejei nyuma kwa hatua nyingi. Anasogea kiasi cha upana wa glavu, ili abaki karibu vya kutosha kujibu. Eddie Futch, mwalimu aliyewafunza Joe Frazier, Ken Norton na Larry Holmes, na aliyeona mabondia kwa zaidi ya miaka 60, alisema Burley ndiye aliyekamilika kuliko wote aliowahi kuwaona.

Hata hivyo mtindo huo haukuwa wa kuuza tiketi. Burley alimsubiri mpinzani akosee, na mpinzani aliyejua hivyo naye alisubiri. Mashabiki waliokuja kuona damu nyakati nyingine walirudi nyumbani wakinung'unika. Nje ya ulingo alikuwa mtu wa maneno machache, hakujua kujitangaza, na hakutaka kuingia katika mikataba ya kupanga matokeo iliyokuwa kawaida enzi hizo.

Swali linalozua ubishi hadi leo ni la Sugar Ray Robinson. Wengi humhesabu Robinson kuwa bondia bora wa nyakati zote, na alikuwa katika uzani huo huo, miaka hiyo hiyo. Pigano lao lilizungumziwa zaidi ya mara moja katika miaka ya 1940. Halikufanyika. Watetezi wa Burley husema Robinson alimkimbia. Watetezi wa Robinson husema bei haikuafikiwa. Kwa maoni yangu hayo mawili hayapingani. Robinson alikuwa mfanyabiashara mkali aliyejua thamani ya kila ngumi yake, naye mwenyewe alisubiri hadi Desemba 1946 kupata taji la welta, miaka mingi baada ya kulistahili. Mtu aliyesubiri kiasi hicho hangehatarisha foleni yake kwa ajili ya pigano gumu lenye malipo duni. Kama ningekuwa meneja wake ningempa ushauri uo huo.

Pipa na lori

Burley alitundika glavu mwaka wa 1950. Hakuwa na akiba ya kuanzisha biashara. Jiji la Pittsburgh lilimwajiri kuzoa taka, na kazi hiyo aliifanya kwa miaka mingi, akipanda lori alfajiri katika mitaa ya mji uliowahi kujaza viwanja kumtazama. Tofauti na mabondia wengi wa kizazi chake, hakupoteza kumbukumbu wala ulimi wake haukuwa mzito. Kichwa alichokikinga vyema ujanani kilimfaa uzeeni.

Karibu na nyumba yake, katika barabara ya Bedford, alilelewa mtoto aliyezaliwa mwaka wa 1945 ambaye mama yake alikuwa mweusi na baba yake mzungu, kinyume cha wazazi wa Burley. Mtoto huyo alikuwa August Wilson, aliyekuja kuwa mmoja wa waandishi wakubwa wa tamthilia Marekani. Wilson alikua akimwona jirani yake akivaa suti na kofia mwisho wa juma, akajifunza kwake, kwa maneno yake mwenyewe ya baadaye, jinsi mwanamume anavyopaswa kujiweka.

Tamthilia yake 'Fences', iliyofika Broadway mwaka wa 1987 na kumpatia tuzo ya Pulitzer, inamhusu Troy Maxson, mzoataka wa Pittsburgh mwaka wa 1957 ambaye ujanani alikuwa nyota wa besiboli ya watu weusi, na ambaye mlango wa ligi kuu ulifunguliwa akiwa amekwisha zeeka. Mwandishi alibadilisha mchezo, akamfanya mhusika wake mtu mwenye uchungu na ukali nyumbani, mambo ambayo hayapaswi kubandikwa kwa Burley. Lakini lori la taka na kipaji kilichokosa soko vilitoka kwake. Jukwaani nafasi ya Troy ilichukuliwa na James Earl Jones, na katika filamu ya mwaka wa 2016 na Denzel Washington, aliyeiongoza pia. Mamilioni ya watu wamemlilia Troy Maxson bila ya kujua kwamba palikuwa na Charley Burley.

Mwaka wa 1992 aliingizwa katika Jumba la Kimataifa la Ndondi lililoko Canastota, New York, ambako huhifadhiwa majina ya waliotukuka katika mchezo huo. Miezi michache baadaye, Oktoba 16, 1992, alifariki Pittsburgh akiwa na umri wa miaka 75.

Wenzake wa Safu ya Wauaji walifuata mmoja mmoja: Holman Williams mwaka wa 2008, Lloyd Marshall 2010, Cocoa Kid 2012 na Eddie Booker 2017. Hakuna hata mmoja kati ya hao wanne aliyekuwa hai siku jina lake liliposomwa.